Damu ya Nyumba Nyingine

Dresa Basili, msaidizi wa daktari, alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, wala hakuona sababu ya kuipunguza eti kwa kuwa yuko hospitalini. "Lukresia wa Wenseslaus, wa Uru!" aliita akiwa mlangoni, karatasi mkononi. "Ziwa la kushoto!" Watu wote barazani, wanaume kwa wanawake, wakageuza shingo kumtafuta mwenye ziwa la kushoto. Lukresia aliinuka kwenye benchi akaivuta kanga yake mpaka kidevuni. Alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu, na tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyelitaja ziwa lake mbele za watu. Leo limetangazwa hospitali nzima, na hakuna la kufanya ila kwenda.

Ndani, daktari Mzungu alimgusa kwa vidole viwili vya baridi. Aliusukuma ule uvimbe huku na huku, akasema neno, kisha vijana wawili waliokuwa wakijifunza udresa wakaambiwa nao waguse. Wakagusa. Lukresia aliangalia nje ya dirisha, kwenye kamba ya kuanikia mashuka, akahesabu mashuka kumi na moja. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali, na yeye hakujua kwamba mtu huulizwa.

"Ni saratani," Basili akasema daktari alipomaliza Kiingereza chake. Sasa sauti aliipunguza, na huko kupunguza ndiko kulikomtisha Lukresia. "Lakini una bahati, mama. Umeona alivyousukuma? Unacheza. Haujashika ubavu. Ukiwa unacheza, anakata na unapona. Ukishashika, hakati tena, maana hautoki wote."

"Basi nikatwe leo."

Basili alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akamweleza kwamba kazi hii si ya daktari wa hapa. Ni ya mpasuaji wa Tanga, ambaye hupanda treni mara moja kwa mwezi, anafika Alhamisi ya kwanza, anapasua watu sita, halafu anarudi alikotoka. Na ili jina liingie kwenye daftari la hao sita, lazima kwanza ndugu wa mgonjwa atoe chupa moja ya damu inayopatana na ya mgonjwa. Mwaka uliopita mwanamke alitokwa damu mezani mpaka akafa, na toka siku ile ikawa sheria. Damu ya serikali haipo. Kila mtu aje na ya kwao.

"Leta ndugu," Basili alisema. "Ukimleta wiki hii, mwezi wa tatu unapasuliwa."

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na nne. Lukresia alipanda mlima kurudi Uru akijiambia kwamba jambo lenyewe si gumu hata kidogo.

*

Ndugu wa tumbo moja alikuwa amebakia mmoja tu, kaka yake Primus, mkulima wa kule Mkuu, Rombo. Alipopata habari alidandia lori la mahindi, akafika hospitalini mikono ya shati imeshakunjwa. Basili akamtoboa kidole, akachanganya tone lake na la dada yake kwenye kigae cheupe, akakitikisa, akakunja uso. Damu zimegandana, hazipatani.

"Baba mmoja, mama mmoja, inakuwaje?" Primus aliuliza, machozi yanamlenga.

"Inakuwa hivyohivyo, bwana. Nimeiona mara nyingi."

Primus akarudi Rombo na damu yake yote. Basili, kwa kuwa mume naye alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, akamtoboa na yeye. Tone la Wenseslaus likachanganyika na la Lukresia likatulia, laini, bila chembe. "Huyu hapa," Basili akasema. "Tena damu ya bwana huyu inapatana na ya karibu kila mtu. Lala hapo, bwana, tuchukue."

Na Wenseslaus angelala. Alishavua koti, Lukresia aliona kwa macho yake. Lakini alikuwa mtoto wa mama yake, na mtoto wa mama yake hafanyi jambo kubwa bila kuaga. "Nitakuja kesho," alisema. "Ngoja kwanza nikamwambie mama, asije akasikia kwa watu."

Mama huyo, Salvina, alikuwa amekaa nje ya nyumba akimenya ndizi za mtori. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi.

"Unataka kuchanjiana na mkeo," akasema.

"Si kuchanjiana, mama. Ni dawa. Wanaitia kwenye chupa."

"Mimi nimeona watu wakichanjiana. Mjomba wangu na mtu mmoja wa Machame walipeana damu tone moja, tena la kulamba kwenye kipande cha nyama. Tone moja. Miaka ishirini baadaye watoto wao walitaka kuoana, wazee wakakataa, wakasema hawa ni ndugu. Leo wewe unataka kummiminia chupa nzima. Akiamka huko mezani atakuwa nani wako? Dada yako. Na hawa," akawanyooshea kisu watoto watatu waliokuwa wakikimbizana migombani, "watakuwa watoto wa kaka na dada."

Tusimcheke Salvina. Alikuwa Mkristo wa kweli, rozari haimtoki shingoni, na mkamwana wake alimpenda. Ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua mara zote tatu. Lakini hili la damu alilijua tangu utotoni, na kila mzee wa ukoo aliyeulizwa alikohoa akaangalia pembeni, maana yake alikubaliana naye. Wenseslaus akaenda kwa Padri. Padri akasema si dhambi hata chembe. Aliporudi na jibu hilo mama yake akamwuliza, "Padri ana mke?" Maneno yakaishia hapo.

*

Treni ya mwezi wa tatu ikaja ikaenda. Ya mwezi wa nne nayo ikaja ikaenda. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, Lukresia aliweka vidole viwili kama alivyofanya daktari, akausukuma. Unacheza. Akishajua hivyo ndipo anapata nguvu ya kukata majani ya ng'ombe. Wiki moja baada ya Pasaka alisukuma, ukakawia. Ilimbidi asukume kwa kidole gumba ndipo ukasogea.

Siku hiyo alimfuata mumewe katikati ya mibuni.

"Baba Elizabeth, unaogopa nini hasa?"

"Siogopi."

"Unaogopa."

Wenseslaus aliendelea kulima. "Nikikupa, mama atasema hatuwezi kulala nyumba moja. Wazee watamfuata. Utarudishwa Rombo, watoto watabaki hapa kwenye kihamba cha ukoo. Hicho ndicho ninachoogopa. Umefurahi?"

"Na nikifa nitalala nyumba gani?"

Wenseslaus alilima mpaka giza likamzuia kuona jembe, kisha akaja kula. Lukresia alimchukia jioni ile, alimchukia kabisa, yeye na upole wake na kofia yake ya kushika mkononi. Alipomwekea chakula aliweka kwa nguvu mpaka mchuzi ukamwagika. Mtoto wao wa kwanza, Elizabeth, akawaangalia wote wawili asijue acheke au alie.

Ikawa kila Jumatatu Lukresia anashuka peke yake mjini kuuliza kama damu ya serikali imepatikana. Ni mwendo wa saa mbili kushuka, saa tatu kupanda. Basili alimjibu vilevile kila mara, na siku ya tatu akaanza kumjibu kabla hajauliza. Wagonjwa wengine barazani wakamzoea, wakamwita Mama Jumatatu. Yeye akatabasamu, kwani ukikasirika utakwenda kukaa wapi? Benchi ni hilohilo.

Hapo kwenye benchi ndipo alipokutana na Mwanajuma.

Mwanajuma alikuwa mwanamke wa mjini, wa Rau, mke wa Yunusu fundi baiskeli. Alikaa na buibui lake, akamwangalia Lukresia anavyoishikilia kanga kifuani, akamwuliza bila kuzunguka, "Dada, wewe lipi?"

"La kushoto."

"Mimi la kulia. Basi tukiunganishwa tunapata mwanamke mmoja mzima."

Lukresia alicheka. Ilikuwa miezi miwili hajacheka, na aliona ajabu kwamba kicheko bado kipo. Mwanajuma akamweleza yake. Alikuja hospitali mwezi wa nne, uvimbe wake nao unacheza, lakini damu ya Yunusu imegandana na yake, na ndugu zake wote wako Pangani, wazee watupu. Yunusu alikwenda kuomba msaada msikitini baada ya sala. Watu walimwonea huruma sana, halafu kila mmoja akakumbuka ana safari. Lukresia naye akaeleza ya kwake, mpaka mambo ya Machame na kipande cha nyama. Mwanajuma alicheka akajiziba mdomo kwa buibui, akaomba radhi, akacheka tena.

"Sasa huyo mumeo," akauliza alipotulia, "damu yake inapatana na nani?"

"Basili anasema karibu na kila mtu."

Wakaangaliana. Ni Lukresia aliyesema, polepole, huku akilipima kila neno. "Wangu akikupa wewe. Wako akanipa mimi."

"Mimi na mumeo tuwe kaka na dada?"

"Kwani ulitaka akuoe?"

"Hata sura yake siijui."

"Basi."

Basili alipoambiwa alikuna kichwa. Alifungua karatasi ya sheria akaisoma mara mbili, mdomo unamchezacheza. Sheria ilisema ndugu alete damu. Haikusema ndugu wa mgonjwa yupi. "Sijawahi kuona," akasema. "Lakini waleteni hao mabwana." Akawatoboa, akachanganya. La Wenseslaus na la Mwanajuma, laini. La Yunusu na la Lukresia, laini. Basili akasahau cheo chake akapiga makofi.

*

Wiki iliyofuata, tarehe ishirini na nne ya mwezi wa tano, wanaume hao wawili walilazwa kwenye vitanda viwili sambamba. Wenseslaus alimwambia mama yake kwamba anakwenda kumsaidia mgonjwa mmoja wa Rau, na huo haukuwa uongo. Alifumba macho muda wote. Yunusu, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, alimwuliza kama huko Uru baiskeli zinapanda au zinasukumwa, na Wenseslaus akajibu zinasukumwa, na hapo walishakuwa marafiki. Chupa mbili zikajaa. Basili akaziandika majina, akazitia kwenye kabati la baridi lililowashwa kwa mafuta ya taa.

Kisha akafungua daftari la mwezi wa sita, akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa.

"Kuna nini?" Yunusu aliuliza.

"Majina yapo matano. Nafasi imebaki moja." Basili aligeuza ukurasa, labda kuona kama kuna mstari mwingine nyuma. Haukuwepo. "Mmoja ataingia sasa. Mwingine ni mwezi wa saba, tarehe mosi."

Wanaume waliangalia sakafu. Basili alipangusa kalamu yake kwenye karatasi ya kukaushia wino. "Amueni wenyewe," akasema. "Mimi nimechoka kuamua mambo haya. Nikitoka hapa silali."

Lukresia aliona aibu kabla hajafungua mdomo, na aliufungua. Alfajiri ile alisukuma kwa kidole gumba mara nne ndipo uvimbe ukasogea. Akilini aliwaona watoto wake wakimenyewa ndizi na mtu mwingine.

"Niandike mimi," akasema. "Nimekuja tangu mwezi wa pili."

Hakumtazama Mwanajuma. Alisikia tu buibui likirekebishwa.

"Kweli," Mwanajuma alisema. "Wewe ulitangulia."

Yunusu alifungua kinywa, mkewe akamgusa mkono, akakifunga. Lakini walipotoka barazani alimfuata Lukresia hatua chache, akamwambia, "Mungu akuponye, dada yangu." Alisema kwa moyo safi kabisa. Lukresia angependelea atukanwe.

*

Alhamisi ya tarehe tatu wakamkata. Alipozinduka kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, koo limekauka, na chupa ya Yunusu inaning'inia juu yake imebaki povu. Siku ya nne Basili alikuja kitandani kwake, na safari hii alinong'ona. "Umetoka wote, mama. Mpasuaji anasema ulikuwa umebakiza kidogo sana. Ungechelewa mwezi mmoja tu asingekata."

Lukresia alimshukuru Mungu. Alimshukuru kwa muda mfupi, kisha akakumbuka ni nani aliyeachiwa kuusubiri huo mwezi mmoja.

Salvina alifika na bakuli la mtori limefungwa kwenye kitambaa. Alimlisha mkamwana wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na bakuli lilipofika nusu akauliza lililomleta. Damu ile ilikuwa ya nani? Wenseslaus alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akaeleza yote, na kwamba damu yake alipewa mke wa mtu mwingine, si mke wake. Salvina aliukoroga mtori mara mbili.

"Vizuri," akasema. "Kwa hiyo, Mama Elizabeth, sasa una kaka mjini."

"Ndiyo, mama."

"Mwislamu."

"Ndiyo, mama."

"Hakuna neno. Kaka ni kaka. Na mke wake ni wifi yako. Yeye kitanda chake kiko wapi, nimpe na yeye mtori?"

Lukresia akaona afadhali aseme. Alisema kuhusu ile nafasi moja, na alivyojibu, na kwamba Mwanajuma yuko nyumbani Rau anasubiri mwezi wa saba. Salvina hakumlaumu. Aliuliza tu, "Na damu ya mwanangu?"

Basili alikuwa akipita na sinia la sindano. "Chupa hudumu siku ishirini na moja, mama. Ile inafika mwisho Jumatatu ijayo. Itamwagwa."

"Itamwagwa."

"Ndiyo sheria. Ikimwagwa, jina la yule mama linatoka daftarini mpaka alete nyingine. Na bwana huyu hawezi kutoa tena kabla ya miezi mitatu."

Salvina aliweka bakuli chini. Alikaa mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye nyumba ile, Lukresia alimwona mama mkwe wake akilia. Hakulia kwa sauti. "Miezi mitatu nilimzuia huyu," akasema. "Angetoa siku ileile, wewe ungekatwa mwezi wa tatu, na mwezi wa sita nafasi ingekuwa ya wifi yako. Siku zake nimezila mimi." Wenseslaus akataka kusema kitu cha kumtuliza. Mama yake akamwambia anyamaze, kwani na yeye alizila.

*

Jumapili baada ya Misa, Salvina alisimama nje ya kanisa la Uru akauzuia ukoo usiende kunywa mbege. Aliyoyasema huko hayakumfikia Lukresia neno kwa neno, kwa kuwa bado alikuwa wodini, lakini Jumatatu asubuhi alisikia kelele barazani, akainuka kwa kujikongoja akaenda dirishani. Walikuwa wanaume kumi na wanawake wawili, wamevaa makoti na magauni ya kanisani, wamejipanga mstari. Wazee walewale waliokuwa wakikohoa walikuwepo, mikono ya mashati imekunjwa. Salvina alikuwa mbele.

"Shikamoo, mama," Basili alisema, akiwa haelewi.

"Marahaba. Tumeleta damu ya wifi wa mkamwana wangu. Anza na mimi."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Andika hamsini."

Basili alimtazama, akaandika hamsini. Siku ile alitoboa vidole mpaka vigae vikamwishia. Damu tatu zilipatana na ya Mwanajuma. Nyingine zilipatana na za watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi lile kwa wiki na wiki, wasio na ndugu, mpaka wengine walishaacha kuuliza. Basili akaenda kwa daktari, wakafungiana, akatoka amebadilika sura. Toka leo, alitangaza kwa sauti yake ya ng'ombe, chupa hazifungwi kwa jina. Mgonjwa alete mtu yeyote, ampe mgonjwa yeyote, na asiye na mtu ataandikwa kama wengine. Watu barazani wakamshukuru Salvina kwa kumshika mikono. Yeye hakuwa na habari nao.

"Basi apasuliwe leo," alimwambia Basili. "Damu ipo. Mgonjwa yuko Rau hapo, naweza kumfuata mwenyewe."

"Mpasuaji yuko Tanga, mama. Ni tarehe mosi."

"Kutoka Tanga ni siku ngapi?"

"Kwa treni? Hata siku mbili hazifiki."

"Sasa kwa nini asubiriwe mwezi?"

Basili alifunga daftari. "Hilo nami nimeuliza," akasema. "Daktari ameandika barua makao makuu mara mbili. Majibu hayajaja."

*

Tarehe mosi ya mwezi wa saba, jina la Mwanajuma lilikuwa la kwanza. Lukresia, ambaye kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, alishuka na mumewe na mama mkwe wake, wakamkuta barazani na Yunusu. Wanawake wawili wakakaa pamoja kwenye benchi lao.

"Nilikuchukia wiki nzima," Mwanajuma alimwambia, kwa sauti ya kawaida.

"Najua."

"Halafu nikaona, ningekuwa mimi ningesema vilevile. Tena ningesema mapema zaidi, nisingengoja Basili afunge mdomo."

Lukresia alitaka kujibu, lakini Basili alikuwa mlangoni tayari. Hakutaja ziwa. Alisema tu, "Karibu, mama," na Mwanajuma akaingia.

Kila mtu barazani alijua kazi ile ilivyo. Ni saa mbili, pengine zaidi, na mgonjwa hutoka amelala kwenye kitanda cha magurudumu na chupa juu yake. Salvina alianza rozari. Yunusu alianza tasbihi. Wenseslaus alikwenda kununua maandazi, na kabla hajarudi mlango ukafunguka. Haikuwa hata robo saa. Mwanajuma alitoka anatembea kwa miguu yake, buibui amelifunga upande.

"Wamemaliza upesi," Salvina alisema, akafurahi.

Lukresia alishaelewa.

"Umeshika ubavu," Mwanajuma alimwambia mumewe. "Mpasuaji amesukuma pande zote. Ameniuliza ulikuwa hivi toka lini, nikamwambia mwezi uliopita ulikuwa unacheza. Akawaambia wale vijana kitu, wakaandika. Ndiyo hivyo."

Yunusu aliinuka, akaanza kufunga vifungo vya koti lake, akavikosea, akavifungua vyote akaanza upya.

Basili alitokeza kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nafasi haikai bure, na kazi ni kazi. "Bernadetha," akaita. "Bernadetha wa Chekereni." Mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, mmoja wa wale wasio na ndugu, alitegemea kupasuliwa mwezi wa nane. Aliruka. Alicheka, akasema, "Mimi? Ni mimi?" akakimbilia mlangoni mpaka ndala moja ikamtoka. Hapo akamwona Mwanajuma, akaona uso wa Yunusu, akasimama katikati ya baraza na mguu mmoja mtupu, asijue aendelee au arudi.

"Nenda, mwenzangu," Mwanajuma alimwambia. "Usimcheleweshe, ana treni."

Yule mwanamke akaingia. Lukresia aliijua ile furaha, aliwahi kuwa nayo palepale. Maneno ya kumwomba msamaha Mwanajuma alikuwa nayo, aliyapanga mwezi mzima kitandani, na sasa alitaka kuyasema yote. Mwanajuma hakumpa nafasi. "Njooni nyumbani mkanywe chai," alisema. "Mmetoka mbali na hamjala." Lukresia akajaribu kuinuka, kidonda kikamvuta akakaa tena. Basi Mwanajuma akaja upande wa kulia, usio na kidonda, akamtia mkono kwapani, akamwinua, mgonjwa akimwinua aliyepona. Wakatoka getini hivyo, taratibu, wameshikana, na Salvina nyuma yao akimwuliza mwanawe kwa nini hawakumkata, na damu iko tele.